Hazikuwa hela za bure: Kanada na utafiti ulioongozwa na viwanda

Wengi wakisikia serikali inafadhili utafiti unaoongozwa na kampuni, husema papo hapo: kodi zetu zimeishia mfukoni mwa matajiri. Hasira hiyo naielewa, lakini Kanada mpango haukuwa hivyo.

Mwaka 2009 serikali ya huko ilianza kuifadhili mitandao minne ya aina hiyo, yaani vikundi vya kampuni na watafiti vilivyoongozwa na viwanda. Mmoja ulikuwa GARDN, wa kupunguza uchafuzi na kelele za ndege. Fedha hazikukabidhiwa kampuni moja izitumie itakavyo. Zilipitia asasi isiyogawana faida, na katika gharama za utafiti wenyewe mchango wa serikali haukuzidi nusu. Nyingine walitoa washirika.

Neno "kuongoza" nalo hupotosha. Viwanda ndivyo vilivyotaja tatizo linalovisumbua, kisha wahandisi wao wakakaa meza moja na watafiti wa vyuo vikuu na maabara za umma.

Tazama kilichofanyika 2017 chini ya GARDN. Ndege za abiria za Air Canada ziliruka kati ya Montreal na Toronto zikiwa na mchanganyiko wa mafuta yaliyotokana na mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika. Nyuma ya ndege hizo ilifuata ndege ndogo ya utafiti, T-33 ya miaka mingi, ikipita ndani ya ule mstari mweupe angani na kupima moshi. Kazi kama hiyo, ambayo majibu yake yatawafaa hata washindani, ni kampuni gani ingeigharimia peke yake?