Maua kwa Mteja: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mashamba ya maua ya Naivasha yako umbali wa kilomita zipatazo 90 kutoka Nairobi, na mawaridi yake huuzwa Uholanzi na Uingereza. Hata hivyo, kampuni ya Nairobi inapotaka kumshukuru mteja wake mara nyingi humpelekea kalenda, shajara na kalamu yenye nembo. Ukiwauliza wahusika kwa nini hawatumi maua yanayokuzwa karibu nao namna hiyo, utajibiwa kwa dhana ambazo hazijapata kuchunguzwa.

Ya kwanza ni kwamba maua si zawadi ya kwetu. Mtu wa pwani hawezi kukubali neno hilo, kwa kuwa vikuba, yaani vifungu vidogo vya kunukia vya asumini na mrehani, vimepamba wanawake na maharusi wa Lamu, Mombasa na Unguja tangu zamani. Lililo kweli ni kwamba lugha yenyewe imefungamanisha maua na msiba: redio inapotangaza kuwa kiongozi ameweka shada la maua, msikilizaji hahitaji kuambiwa kwamba ni kaburini au mnarani. Kwa hiyo umbo la zawadi lina uzito. Maua yaliyosukwa kwa duara, hasa yakiwa meupe matupu, yatampa mpokeaji mshtuko asioutarajia, ilhali fungu lenye vikonyo virefu na rangi zilizochanganywa, likiwa ndani ya chombo cha maji, halimkumbushi mtu matanga.

Dhana ya pili ndiyo yenye hatari, nayo husema kwamba maua hayawezi kuwa hongo kwa sababu hunyauka baada ya siku chache. Sheria ya Hongo ya Kenya ya mwaka 2016 haishughulikii umri wa kitu kinachotolewa. Inaangalia manufaa anayopewa mtu na nia ya kumfanya atekeleze kazi yake isivyostahili, na inawahusu watu wa sekta binafsi sawasawa na wa serikalini. Kwa maafisa wa Serikali, Kifungu cha 76 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kuwa zawadi wanayopewa katika hafla ya umma au ya kikazi ni ya Jamhuri. Kampuni iliyowasilisha zabuni na kumtumia afisa manunuzi maua kabla uamuzi haujatolewa imejitia katika shaka ambayo haitaondolewa na udogo wa bei. Zawadi safi huja baada ya kazi kukamilika, au pale mteja anapofungua tawi jipya. Hupelekwa mapokezi mchana mbele ya watu, ikiwa imeandikiwa idara nzima, huku kadi yake ikitoa shukrani bila kudokeza ombi lolote. Kwa maoni yangu, hapo ndipo maua yanapoishinda simu ya mkononi au chupa ya mvinyo, kwa sababu hayafichiki mfukoni wala hayauziki tena.

Wapo pia wanaoamini kwamba waridi jekundu linafaa kila mahali. Mjerumani atalitafsiri kuwa ujumbe wa mapenzi, na hata hapa Nairobi katibu muhtasi akiletewa mawaridi mekundu tarehe 14 Februari hatafikiria mkataba wa matengenezo ya lifti. Anayefanya biashara na wageni azingatie zaidi: Wafaransa huweka krisanthemumi makaburini siku ya Watakatifu Wote, Warusi hutoa maua ya idadi shufwa kwa wafu tu, na kwa Wachina weupe ni rangi ya msiba. Kuhusu madai kwamba maua ni ya wanawake peke yao, yanatosha kujibiwa kwa meza za mapokezi ya hoteli na benki, ambazo hupambwa bila kujali jinsia ya meneja.

Hatimaye ipo imani kwamba fungu kubwa na la bei kubwa ndilo linalokumbukwa. Fungu kubwa hukosa pa kuwekwa, harufu kali ya mayungiyungi huwakera wanaofanya kazi katika chumba kilichofungwa madirisha, na chavua yake huacha madoa kwenye mashati. Mawaridi kumi na tano yaliyokatwa karibuni, yenye matumba yaliyoanza kulegea, hudumu zaidi, mradi vikonyo vipunguzwe kwa mshazari, maji yabadilishwe, na chombo kisiwekwe karibu na ndizi mbivu, ambazo hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha kunyauka. Kadi ndogo yenye maelekezo hayo humsaidia mpokeaji kuliko utepe wa dhahabu. Siku nayo ichaguliwe vizuri: maua yanayofikishwa Ijumaa jioni huachwa peke yake katika ofisi iliyofungwa hadi Jumatatu, na anayeyaona wa kwanza ni mfanya usafi, akiwa na mfuko wa taka mkononi.