Mawimbi ya mshtuko hayasagi mafuta kwenye mishipa ya moyo

Tiba ya mawimbi ya mshtuko hupiga mawimbi ya mgandamizo kutoka nje ya kifua kwa wenye anjaina sugu, yaani maumivu ya kifua ya moyo unaokosa damu ya kutosha. Dhana potofu kuihusu ni kadhaa.

“Kama yanasaga mawe ya figo, si yatasaga na mafuta yaliyoziba mishipa ya moyo?” Hapana. Dhana hii ndiyo inayoumiza kuliko zote, kwa sababu anayeiamini huacha aspirini na statini (dawa ya kushusha kolesteroli) akidhani mishipa imeshazibuka.

Mashine za figo na za moyo ni ndugu, ila nguvu zimeachana mbali: moyo hupewa takriban 0.09 mJ kwa milimita ya mraba, kama moja ya kumi ya kinachovunja jiwe. Tena halengwi mshipa ulioziba. Unalengwa msuli wenye njaa ya damu, uliokwisha kuonekana kwa SPECT (picha ya nyuklia inayoonyesha damu inavyofika kwenye msuli wa moyo) au kwa altrasaundi ya moyo uliopewa kazi. Mtikisiko huo mdogo huuchochea msuli kutoa nitriki oksaidi na VEGF (protini ya kukuza mishipa ya damu), ambazo huotesha vishipa vidogo vya pembeni. Pale palipoziba panabaki vilevile. Kuota huko huchukua wiki kadhaa, na ndiyo maana ratiba iliyozoeleka ina vikao 9: vitatu wiki ya 1, vitatu ya 5, vitatu ya 9. Ukiacha baada ya kikao cha pili kwa kuwa “hujaona kitu”, bado hujatibiwa.

“Ni shoti ya umeme.” Siyo. Neno mshtuko linapotosha; hili ni wimbi la mgandamizo, jamaa ya sauti. Waya za ECG (kipimo cha umeme wa moyo) kifuani zinasoma tu, ili kila pigo la mashine litoke sambamba na wimbi R, ule mruko mkubwa kwenye mchoro wa ECG, na lisivuruge mapigo ya moyo. Kibandiko cha waya kikilegea kwa jasho, kazi isimame kwanza. Jeli inayopakwa kati ya mashine na ngozi nayo isiwe na povu: hewa hulikata wimbi juu ya ngozi. Mapafu yakiziba njia kati ya mbavu, mgonjwa huyo hafai.

“Lazima nusukaputi.” Hakuna.

“Inafaa kila maumivu ya kifua.” Ni ya anjaina sugu, dawa zikiwa zimefikia kikomo na stenti au baipasi haiwezekani. Mwenye damu iliyoganda ndani ya ventrikali ya kushoto (chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini) hapigwi mawimbi haya.

“Inazuia shambulio la moyo.” Haijathibitishwa, tafiti nyingi ni za wagonjwa wachache, na kinachoonekana zaidi ni maumivu kupungua. Nitrogliserini, dawa ya kutuliza anjaina, ibaki mfukoni. Kifua kikibana, keti, weka dozi chini ya ulimi. Dakika 5 zikipita bila nafuu, nenda hospitali kitengo cha dharura.