Gereza la Ruanda sio la mkuu wa mkoa jamani

Kwenye daladala ya Mwanjelwa juzi mama mmoja kabeba ndoo ya ndizi anasema mwanae yuko gereza la Ruanda hapa Mbeya, ataenda kwa RPC, yaani kamanda wa polisi wa mkoa, amhamishie gereza la karibu na kwao Tukuyu. Hapana mama. RPC ni polisi, na Magereza walishatengana na polisi tangu 1931, ni jeshi lingine kabisa japo wote wako Mambo ya Ndani. Kila mkoa una mkuu wa magereza wake, sio wa RC (mkuu wa mkoa) wala halmashauri, anaripoti juu kwa Kamishna Jenerali, ndo maana mfungwa wa Mbeya anaweza kupelekwa hata Iringa. Ila mahabusu anafuata mahakama yenye kesi yake.