Boriti za Lamu hazikupanda treni

Kijana mmoja barazani alishikilia kwamba boriti za Lamu, yaani miti ya mikoko ya kujengea, zilibebwa zamani kwa kijireli. Wapi! Reli ilianzia Mombasa 1896, ikafika Kisumu 1901. Huku Lamu haikugeuza hata kichwa.

Reli za magogo ni za misitu ya nchi kavu, kama kule Marekani, mkata magogo Ephraim Shay alikosajili hataza ya injini yake ya treni ya gia 1881. Mkoko humea topeni, na mataruma, zile mbao zinazolaliwa na reli, yangezama. Wakataji waliingia na mitumbwi maji yakijaa, wakakata yakipwa, wakatoka na bamvua, yaani maji makuu, lililofuata. Fito, pau na boriti, nyembamba hadi nene, zikapakiwa majahazini, na kusi, upepo wa kutoka kusini, likivuma, tanga juu, hadi Arabuni. Biashara hiyo ya nje serikali iliipiga marufuku 1982.