Mlipuko wa kwanza uliwaita dirishani

Wengi wa waliopofuka Nairobi tarehe 7 Agosti 1998 hawakuwa ndani ya ubalozi wa Marekani. Walikuwa kazini mwao, ng'ambo ya ua au ya barabara, na yaliyowapata yaliwapata kwa sababu waliinuka kwenda kuchungulia. Mimi ni daktari wa upasuaji wa macho, na kila ninapoona watu wakikimbilia dirishani baada ya kishindo, moyo hunidunda.

Ilikuwa Ijumaa, mwendo wa saa nne na nusu asubuhi. Lori lenye bomu lilifika upande wa nyuma wa ubalozi, pale karibu na makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie. Walinzi walikataa kulifungulia. Mmoja wa washambuliaji akarusha guruneti la kishindo, na milio ya risasi ikasikika. Karani aliye orofa ya juu ya jengo la Benki ya Ushirika hangeweza kujua ni nini. Alisikia kelele, akaacha kazi, akaenda kutazama, wenzake wakamfuata. Muda mfupi baadaye lori likalipuka wakiwa wamesimama nyuso zao mbele ya kioo.

Jengo la Ufundi, lililokuwa na chuo cha makarani, liliporomoka. Watu 213 walikufa, 12 kati yao Wamarekani na karibu wengine wote Wakenya. Waliojeruhiwa walizidi 4,000, na inakadiriwa kuwa wapatao 150 walipofushwa na vioo. Wakenya wengi walionusurika wangali wanadai fidia hadi leo, na kwangu hilo ni deni ambalo halijalipwa.

Kwa nini macho? Ukimtazama mtu kwa mbele, macho yake hayafiki hata asilimia 0.3 ya eneo lote linaloonekana. Lakini kipande cha kioo ambacho kwenye shavu kingeacha kovu tu, kwenye jicho kinamaliza uwezo wa kuona. Kufumba kope nako kunachukua kama sehemu ya kumi ya sekunde, na aliye karibu na mlipuko hapewi muda huo. Isitoshe, aliyeelekeza uso dirishani anaweza kuumia macho yote mawili. Katikati ya jiji kuna jambo jingine: majengo marefu yaliyosimama mkabala hayaliachi wimbi la mlipuko litawanyike. Linagonga ukuta huu, linarudi kwenye ule, na vioo vinapasuka mbali na lilipo bomu.

Kioo cha kawaida cha dirisha hupasuka vipande virefu vyenye ncha. Kile cha tabaka mbili chenye utando wa plastiki katikati hupasuka pia, lakini vipande hubaki vimeshikana. Hata karatasi ngumu ya plastiki inayobandikwa upande wa ndani wa kioo cha zamani inasaidia sana. Nairobi tunazidi kujenga majumba ya vioo kuanzia chini hadi juu, na ninatamani kila mpangaji amuulize mwenye jengo swali moja kabla ya kutia sahihi: kioo hiki kikivunjika, kinaanguka vipi?

Niwape picha ya tunachokutana nacho chumba cha upasuaji. Dalili ya kwanza mara nyingi ni mboni isiyo duara tena, imevutwa upande mmoja, kwa kuwa nyama ya ndani imenasa kwenye jeraha. Kioo chenyewe, kikiwa ndani ya maji ya jicho, karibu hakionekani. Inabidi kugeuza taa, kuiinamisha, kuigeuza tena, mpaka ukingo wake umetemete mara moja. Ukiona kimoja, unatafuta cha pili.

Kwa hiyo mwathiriwa asifikichwe jicho, na kipande kilichochoma kisichomolewe. Msimwoshe jicho lililotoboka wala kumtilia dawa yoyote ya matone. Jicho la namna hiyo ni kama nyanya mbivu iliyopasuka: ukiibana, vya ndani vinatoka. Kata kikombe cha karatasi, ufunike jicho kwa kitako chake, ukishikize kwa plasta kwenye mfupa wa paji na shavu, bila kitu chochote kugusa jicho. Asile wala kunywa, maana huenda akahitaji usingizi wa upasuaji, kisha aende hospitali akiwa ameinua kichwa.

Na ukisikia kishindo, lipe dirisha kisogo. Lala chini, nyuma ya ukuta, na ubaki hapo. Usiamini kwamba kimekwisha. Katika shambulio la hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi, Januari 2019, walipouawa watu 21, mlipuko ulifuatwa na watu wenye bunduki. Siku hizi hofu yangu kubwa ni simu, kwa sababu wa 1998 walikwenda dirishani kuona tu, ila wa leo atasimama pale arekodi, na atakaa zaidi.

Kuna jambo ambalo manusura wengi hawaambiwi. Jicho likitobolewa, mara chache sana kinga ya mwili hugeuka na kulishambulia lile zima. Louis Braille, aliyebuni maandishi ya nukta kwa wasioona, alijichoma jicho moja akiwa na miaka 3 katika karakana ya baba yake huko Ufaransa. La pili likafuata, na alipofika miaka 5 alikuwa haoni kabisa. Ndiyo sababu wakati mwingine daktari hushauri jicho lililoharibika kabisa litolewe mapema. Familia hukataa, nami nawaelewa, lakini ushauri huo unatolewa kwa ajili ya lile linalobaki.

Tatizo hilo kwa kawaida hujitokeza ndani ya mwaka wa kwanza, lakini linaweza kuja hata baada ya miaka mingi. Kama uliumia jicho moja siku ile ya Agosti na sasa lile zima linakuwa jekundu, linauma kwenye mwanga au linaona ukungu, nenda kliniki ya macho siku hiyo hiyo, na umwambie daktari kuhusu jeraha la 1998 hata asipokuuliza.