Ndege Imechelewa Luano, Uwanja wa Lubumbashi: Nani Analipwa Euro 600, Nani Halipwi

"Ikichelewa saa tatu, kompani inanilipa euro 600."
Inategemea unatokea wapi. Hizo euro 600 ni za Kanuni ya 261 ya Umoja wa Ulaya, ya mwaka 2004. Inamlinda kila anayeondokea uwanja wa Umoja huo, ndege iwe ya nani. Anayeingia humo inamlinda tu akipanda ndege ya kompani ya Umoja huo. Kwa hiyo mtu wa Lubumbashi anayekwenda Brussels kwa Ethiopian kupitia Addis Ababa hana dai kwa kanuni hiyo. Akirudi Luano kwa tiketi ileile, analo, maana kwenda na kurudi huhesabiwa safari mbili.

Kinachopimwa ni kufika mwisho wa safari, si kuruka. Ndege ikitoka Brussels na dakika 50 tu za kuchelewa, ukakosa ya Luano pale Addis na kuingia nyumbani kesho yake, dai lipo. Saa huhesabiwa mlango wa ndege unapofunguliwa, si magurudumu yanapogusa lami. Angalia simu wakati huo na uandike. Kwa umbali huo, ucheleweshaji wa kati ya saa 3 na 4 huipa kompani ruhusa ya kukata nusu.

"Wakisema ni tatizo la kiufundi, basi tena."
Hapana. Hitilafu za kawaida za ndege ni mzigo wa kompani. Dhoruba au uwanja kufungwa huiondolea wajibu wa kulipa fidia, lakini chini ya kanuni hiyo chakula na hoteli bado ni juu yake. Hapo ndipo wengi hunyamaza bure.

"Basi anayetokea Luano hana haki yoyote."
Anayo, ila ya namna nyingine. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kongo imo, hautoi kiasi kilichopangwa: unalipwa hasara unayoweza kuithibitisha, isipokuwa kompani ionyeshe kwamba ilifanya kila liwezekanalo kuizuia. Tangu 28 Desemba 2024 kikomo cha ucheleweshaji ni vizio 6,303 vya hesabu vya Shirika la Fedha la Kimataifa, zaidi ya dola 8,000. Ni kikomo, si bei. Anayekuahidi zote anakudanganya. Ukiwa bado kaunta, omba karatasi inayotaja sababu na saa za kuchelewa. Tunza kadi ya kupandia, risiti za hoteli, za teksi na za tiketi mpya, zenye tarehe. Mahakamani una miaka 2.

"Fomu ya valizi nimejaza uwanjani, inatosha."
Fomu inaonyesha tu kwamba valizi haikufika. Lalamiko lenyewe liandikie kompani: ndani ya siku 7 tangu kupokea valizi iliyoharibika, siku 21 tangu kupokea iliyochelewa. Isipoonekana siku 21, unaweza kuidai kama iliyopotea. Kikomo ni vizio 1,519 kwa abiria, hata ukiwa na valizi tatu.

"Tiketi mbili ni rahisi zaidi."
Kwa bei, pengine. Ukinunua Lubumbashi–Johannesburg peke yake na ya mbele kwa kompani nyingine, ya kwanza ikichelewa ya pili haikusubiri, wala haina deni la kukupa kiti kingine. Kabla ya kulipa, uliza ajansi kama safari nzima iko kwenye buking moja, na kama valizi itabandikwa lebo hadi mwisho.