Gemu ya Mtu Mmoja Isiyofunguka Bila Intaneti: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana inayowaudhi wachezaji kuliko zote ni kwamba anayelalamikia gemu inayodai intaneti muda wote ni mwizi aliyezibiwa njia. Ukweli ni kwamba anayeumia ni aliyelipa. Mwaka 2010 kampuni ya gemu ya Ubisoft ilitoa Assassin's Creed II na Silent Hunter 5 kwa kompyuta, zikiwa na kinga dhidi ya wizi: sharti la kuwasiliana na seva, yaani kompyuta kuu za kampuni, hata mtu anapocheza peke yake. Mwezi Machi mwaka huo seva hizo zilishambuliwa zikalemewa, na baadhi ya wateja halali wakashindwa kucheza gemu walizokwisha kuzinunua. Nakala ambayo kinga hiyo imevunjwa haiulizi seva chochote, hivyo mwenye nakala ya wizi hapatwi na adha hiyo. Ni kweli kwamba kinga ya namna hii huweza kuchelewesha wizi katika majuma ya mwanzo, ambayo mara nyingi ndiyo yenye mauzo makubwa, lakini mteja huendelea kuubeba mzigo wake miaka mingi baadaye.

Husemwa pia kwamba siku hizi intaneti ipo kila mahali, kwa hiyo hakuna tatizo. Intaneti nzuri ya mchezaji haimsaidii ikiwa hitilafu iko upande wa kampuni: mwezi Machi 2022 sehemu kubwa ya gemu ya mashindano ya magari Gran Turismo 7 haikuchezeka kwa zaidi ya saa 30 wakati seva zikifanyiwa matengenezo, hata kwa wale waliotaka kushindana na magari yanayoendeshwa na kompyuta tu.

Dhana inayostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi ni ile ya kwamba gemu hizi haziwezi kufanya kazi bila seva. SimCity, gemu ya kujenga na kuendesha mji, ilipotoka mwezi Machi 2013, wanunuzi wengi walikwama kwenye foleni za kuingia, na watengenezaji wakaeleza kuwa sehemu kubwa ya hesabu za mji hufanywa kwenye seva, hivyo kuitenganisha gemu na intaneti kungehitaji kazi kubwa mno. Haikuchukua muda kabla ya mchezaji mmoja aliyeichokonoa programu kuonyesha kwamba mji uliendelea kujiendesha bila muunganisho, ingawa kuhifadhi maendeleo bado kulihitaji seva. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2014, kampuni yenyewe ilitoa toleo linalochezeka nje ya mtandao. Diablo III nayo, iliyowafungia nje wachezaji wengi wa kompyuta siku ilipozinduliwa mwezi Mei 2012, ilitolewa mwaka uliofuata kwa mashine za gemu za PlayStation 3 na Xbox 360 ikichezeka bila intaneti. Nionavyo, mifano hii inatosha kuonyesha kwamba mara nyingi sharti hilo ni uamuzi wa kibiashara uliovikwa vazi la ulazima wa kiufundi.

Wapo wanaoamini kwamba mwenye diski mkononi yuko salama. The Crew, gemu ya magari ya mwaka 2014 yenye hadithi inayoweza kuchezwa na mtu mmoja, ilizimiwa seva tarehe 31 Machi 2024, na tangu hapo diski yake haifungui mchezo. Kisheria mnunuzi huwa amepewa leseni tu, yaani ruhusa ya kuitumia gemu bila kuimiliki, jambo ambalo sheria ya California iliyoanza kutumika mwaka 2025 inawataka wauzaji walitamke wazi, isipokuwa kwa bidhaa ambayo mteja anaweza kuipakua na kuitumia daima bila intaneti.

Kuzimwa kwa The Crew ndiko kulikozaa kampeni ya Stop Killing Games, ambayo ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilipita saini milioni 1 mwezi Julai 2025. Wapinzani wake hudai kwamba inataka kampuni zigharamie seva milele. Ombi lenyewe halisemi hivyo: linataka gemu iliyouzwa iachwe katika hali ya kuchezeka pale kampuni inapoamua kuacha kuihudumia, na gharama za seva ziishie hapo.